Kengele Imegongwa, Eti Tumekubali

BARUA

Shikamoo Mama,

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 43, kibanda changu kipo Mwanjelwa. Ni Mbuddha. Hapa Mbeya ukisema hivyo watu wanakuuliza kama unaabudu sanamu, lakini leo sikuandikii kwa ajili hiyo. Nakuandikia kwa sababu hii ni wiki ya tatu naamka saa nane usiku na usingizi haurudi.

Kikundi chetu kilianza mwaka 2013, watu sita, sebuleni kwa mwalimu mmoja mstaafu anayekaa Forest. Yeye aliishi Dar es Salaam miaka mingi, akawa anahudhuria hekalu la Wabuddha lililopo Upanga, na aliporudi nyumbani akaanza kutufundisha kutafakari na kutusomea mafundisho. Tulimwita Mwalimu tangu siku ya kwanza. Sasa tuko 31. Mtawa hatuna, sote ni watu wenye kazi zetu: wakulima wa viazi, manesi, madereva wa bajaji, wanafunzi wawili watatu. Tunakutana kila Jumapili alasiri na siku za mwezi mpevu.

Mwaka 2019 tulinunua kiwanja Nsalaga, upande wa Uyole, kwa shilingi 4,500,000. Mimi ndiye mweka hazina, kwa hiyo hela hiyo naijua noti kwa noti. Daftari ninalo, lina jalada gumu la kijani, kona zake zimeshalika. Wapo waliotoa elfu ishirini kwa mwezi na wapo wa elfu mbili. Kuna bibi mmoja wa Ilemi, muuza ndizi, hajui kuandika, kila mwezi alikuwa anaweka dole gumba mbele ya 2,000 yake. Ukifungua kurasa za mwaka 2018 unaziona alama zake zimeshuka juu mpaka chini, ndogo ndogo, kama kunde zilizopangwa mstari. Baada ya kununua tukaongeza matofali ya kuchoma 3,000. Tuliyapanga kwa mikono yetu na kuyafunika kwa turubai, tukisubiri hela ya msingi.

Wiki tatu zilizopita, Jumapili, tulipomaliza kutafakari, mvua ilikuwa inapiga bati kweli kweli. Mwalimu akasema amepata mfadhili kutoka nje ya nchi atakayejenga kituo cha mafungo Tukuyu. Sharti ni na sisi tuweke mchango wetu, kwa hiyo kiwanja cha Nsalaga kitauzwa, na mnunuzi ameshapatikana. Akasema, "Nadhani sote tunaona ni jambo jema." Halafu akagonga kengele. Mama, kwetu kengele ikigongwa unanyamaza na kufuata pumzi yako mpaka sauti iishe kabisa. Tukanyamaza. Sauti ilipoisha akasema, "Asanteni kwa kukubali kwa umoja." Watu wakaanza kutafuta viatu.

Kesho yake ikaja taarifa WhatsApp kwamba uamuzi umepita. Bibi wa Ilemi hata hakuwepo siku ile, mguu umemvimba mwezi wa pili sasa.

Nilimfuata Mwalimu. Nikamuuliza wazee watafikaje Tukuyu kila Jumapili, maana ni mwendo wa zaidi ya saa nzima kwa Coaster na nauli siyo ya mchezo. Nikaomba kuona barua ya mfadhili. Akanijibu kwa upole, "Dada, unashikilia kiwanja, na kushikilia ndiko kunakoleta mateso. Achilia." Barua akasema ni mambo ya uongozi. Uongozi ni yeye na katibu, ambaye ni mpwa wake. Nilipokuwa naondoka akaniambia nijichunge, kwamba anayeigawa sangha, yaani jumuiya ya Wabuddha, anabeba moja ya makosa mazito kuliko yote. Nilitetemeka mpaka nikakosea njia ya kwenda stendi.

Sasa ananitaka nihamishe akiba yetu, shilingi 2,380,000, kwenda kwenye akaunti mpya kabla mwezi haujaisha. Akaunti ya sasa inahitaji saini mbili, yangu na ya katibu. Watu watano tumefungua kundi letu pembeni la WhatsApp, na humo maneno yameanza kuwa makali. Mmoja ameandika kuwa Mwalimu amekatiwa kitu na mnunuzi. Ushahidi hatuna.

Mwanangu wa kwanza alifariki mwaka 2016. Mwalimu alikuja kila jioni kwa wiki tatu, akakaa nami barazani bila kusema neno, giza likiingia anaaga. Ndiyo maana naona aibu hata kuandika barua hii. Nisaini? Nikikataa, je, ndiyo naigawa sangha? Na ikiwa ni kweli nashikilia tu?

Fundi wa Mwanjelwa

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa mtoto. Pole ya mwaka 2016 haijapita muda wake.

Nianze na hela, maana mwezi unaisha. Usisaini. Akiba ibaki ilipo mpaka wanachama waulizwe na wajibu. Hapo hujamnyima Mwalimu kitu. Hela si yako wala si yake, wewe umekabidhiwa na watu 31, na uliyekabidhiwa na watu 31 hutoi kwa agizo la mmoja. Mwambie hivyo kwa mdomo wako mwenyewe, uso kwa uso, kisha siku hiyo hiyo umwandikie mistari michache yenye tarehe na ubaki na nakala. Daftari la kijani lipige picha ukurasa kwa ukurasa leo usiku, na picha hizo umpe mtu mwingine mmoja unayemwamini.

Sasa kengele.

Mimi ni Mmoraviani, mzaliwa wa Rungwe, walikofika wamisionari wetu mwaka 1891. Sitajifanya mwalimu wa dini yenu. Lakini huwezi kumshauri mtu kuhusu nyumba yake ukiwa umesimama barabarani, kwa hiyo nimekaa nikasoma kanuni za watawa wenu wa zamani, zile zinazoitwa Vinaya, na humo nimekuta jambo linalokuhusu moja kwa moja. Kwa watawa wa Buddha, kimya ni kukubali. Mwalimu hapo hakosei. Ila kimya hicho kina masharti. Likiwa jambo zito, mfano kumpokea mtawa mpya, mtawa mmoja mwenye uwezo anatoa hoja mbele ya mkutano mzima: jambo ni hili, mhusika ni huyu. Kisha analitangaza mara tatu, na kila mara anasema anayekubali anyamaze, asiyekubali aseme. Baada ya mara ya tatu ndipo kimya kinahesabiwa kuwa ndiyo. Mmoja wao akipinga, jambo linasimama.

Na mgonjwa je? Hili lilinigusa kuliko yote, nikamkumbuka bibi yako wa Ilemi. Mtawa anayeumwa anatuma ridhaa yake kwa mwenzake. Asipoweza kutuma, anabebwa na kitanda chake mpaka mkutanoni. Na wauguzi wakiona kumbeba kutamzidishia ugonjwa, mkutano unatoka na kumfuata alipo. Fikiria kundi zima la watawa linasimama na kwenda chumbani kwa mgonjwa mmoja ili uamuzi usipite pembeni yake. Ninyi mna bibi mwenye alama za dole gumba ukurasa mzima, anakaa Ilemi, bajaji moja tu kutoka Forest, na hakuna aliyekwenda kumuuliza.

Kwa hiyo usijilaumu kwamba ulinyamaza Jumapili ile. Uliamriwa kunyamaza. Kengele hiyo mmefundishwa kwa miaka zaidi ya kumi kwamba ikilia mtu anafuata pumzi yake, hajibu hoja. Kuwanyamazisha watu, kisha kuchukua ule unyamavu wao na kuuandika kuwa ndiyo, huko si kuwauliza. Mlitaarifiwa. Hamkushirikishwa. Sidhani Mwalimu alipanga hila. Nadhani alizoea kuona vichwa vyenu vimeinama akadhani vinaitikia.

Kuhusu kuigawa sangha, hapa ningependa upumue vizuri. Ni kweli kosa hilo limehesabiwa kati ya makosa mazito kabisa katika dini yenu, pamoja na kumuua mama au baba. Lakini kanuni zenyewe zinaeleza nani anaweza kulitenda. Upali, yule mwanafunzi wa Buddha aliyejulikana kwa kuzijua kanuni, aliuliza swali hilo, na jibu likawa kwamba anayeweza kuigawa sangha ni mtawa kamili tu, na tena lazima watawa wawe si chini ya tisa, wanne upande huu, wanne upande ule, na wa tisa anayetangaza. Muumini wa kawaida, mwanamume au mwanamke, anaweza kuchochea mgawanyiko, lakini kuigawa sangha hawezi. Ninyi hamna hata mtawa mmoja. Fundi cherehani wa Mwanjelwa aliyeomba kuona barua hajatenda kosa hilo, na halimo katika uwezo wake.

Tena waumini wa kawaida katika vitabu vyenu si watu wa kukaa kimya tu. Watawa wa Kosambi, mji wa India ya zamani, waligombana, na maelezo ya zamani yanasema chanzo kilikuwa maji yaliyoachwa kwenye chombo cha chooni. Buddha mwenyewe akawasuluhisha, hawakusikia, akaondoka akaenda kukaa msituni. Watu wa mji wakaona watawa hawa ndio waliotufukuzia Buddha. Hawakuwatukana wala hawakuhama dini. Waliacha kuwasalimu kwa kuinama na wakaacha kuwapa chakula, basi. Njaa ikawapeleka watawa mji wa Savatthi kumaliza ugomvi wao mbele ya Buddha. Sikuambii muache kumpa Mwalimu chai. Nakuonyesha kwamba watu wanaobeba bakuli la chakula walijua wana sauti, na kitabu kinalisimulia hilo bila kuwalaumu.

Sasa neno "achilia". Mwanangu, neno hilo ni dawa, na dawa anapewa anayeumwa, siyo anayedai risiti. Najua linakuuma kwa sababu unalipenda na lilikusaidia kweli ulipofiwa. Jichunguze, ni haki yako na ni mazoezi yenu: ukifumba macho, unachokiona ni kiwanja chako, au ni zile alama za dole gumba? Mimi nimesoma barua yako nikaona hukutaja hata mara moja umetoa shilingi ngapi wewe mwenyewe. Umetaja 2,000 ya bibi, umetaja nauli za wazee. Mtu anayeshikilia chake huanza na chake. Na kama kuna kushikilia katika jambo hili, aliyeng'ang'ania barua asiionyeshe ni mwingine. Buddha alipokuwa mzee na mgonjwa alimwambia Ananda, mtawa aliyemhudumia, kwamba katika mafundisho yake hana ngumi ya mwalimu, ile ngumi inayofumbwa juu ya kitu ili wanafunzi wasikione. Naamini Mwalimu amewasomea maneno hayo. Akimkumbuka Ananda, atakuonyesha barua.

Niseme na kiwanja, maana hapa ndipo ninapoogopa zaidi kuliko unavyoogopa wewe.

Kwa watawa wa zamani ardhi ya makazi, majengo, vitanda na magodoro, vyombo vya chuma, hata mbao na mianzi, vyote viliitwa vitu vizito. Mtawa mmoja hana mamlaka ya kuvitoa, na hata mkutano mzima wa watawa hauna, kwa sababu ni mali ya sangha ya pande zote nne, waliopo na watakaokuja. Hiyo ni kanuni ya watawa na kiwanja chenu ni cha waumini, kwa hiyo sisemi inawafunga neno kwa neno. Lakini inaonyesha walivyoiona mali iliyonunuliwa kwa sadaka za wengi.

Swali langu ni la kidunia: karatasi ya mauziano ina jina la nani? Hukuandika, na nimetafuta katika barua yako mara tatu. Nilikuwa katibu wa kikundi cha akina mama kwa miaka tisa. Tulinunua eneo, mwenyekiti wetu akaandikwa kama mnunuzi kwa kuwa ndiye aliyekuwepo siku ile, na tulimpenda, hakuna aliyefikiria vibaya. Mwenyekiti akafariki. Baada ya arobaini watoto wake wakaja na bahasha ya kaki, wakatoa ile karatasi, wakasema eneo ni la marehemu mama yao. Hawakuwa watoto wabaya. Waliona jina la mama yao. Tulihangaika miaka miwili na tukaishia kugawana nusu, na mpaka leo nikipita pale nageuza uso.

Kwa hiyo nenda na wenzako wawili, siyo peke yako, mkaombe kuona karatasi hiyo. Kama jina ni la Mwalimu, basi mbele ya mnunuzi yeye ndiye muuzaji, hata kama daftari lako lina majina 31. Kama kuna jina la kikundi, uliza kikundi kimesajiliwa wapi. Jumuiya za dini zinasajiliwa na Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337, na usajili huo unataka katiba. Katiba ndiyo inayosema nani anaitisha mkutano, wanaotosha ni wangapi, mali inauzwaje. Mkishasajiliwa mnaweza kuchagua wadhamini na kuwaandikisha RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, chini ya Sheria ya Wadhamini, Sura ya 318, ili ardhi iandikwe kwa jina la bodi ya wadhamini. Akifa mmoja, akihama, akigombana na wenzake, ardhi haitikisiki. Nashuku hamna lolote kati ya haya, kwa kuwa mlianza sebuleni kwa upendo, na vikundi vya upendo huwa vinaona katiba ni kutoaminiana.

Mkigundua mauzo yanakwenda mbio kabla ya mkutano, andikeni barua kwa mwenyekiti wa mtaa wa Nsalaga, mkiambatanisha nakala za daftari, mkimweleza kwamba fedha ya kununua ilitoka kwa watu wengi na hawajaulizwa. Mara nyingi mauziano ya namna hiyo hupitia mbele yake. Na kama kiwanja kimepimwa na kina hati, mwenye maslahi anaweza kuomba kuweka zuio kwa Msajili wa Hati. Hapo mtafuteni wakili awaongoze. Lakini hayo ni ya baadaye. Usianzie kwa wakili kwa mtu aliyekaa nawe barazani wiki tatu.

Maana na mimi ninamwona Mwalimu. Miaka zaidi ya kumi sebule yake si yake. Kila Jumapili watu 31 wanavua viatu mlangoni kwake, mtu anafua mito ile ya kukalia, mtu anaosha vikombe, na nina hakika wengi wenu hamjui ni nani. Ni mzee. Amepata mfadhili, na wafadhili wana haraka yao. Huenda amechoka na anaogopa kufa kabla hajaacha jengo nyuma. Na huenda Tukuyu ni wazo zuri! Pana baridi tulivu, ardhi ina rutuba, kelele za lori hakuna. Usiende kwake ukiwa umeshaamua kwamba Tukuyu ni kosa. Kosa ni kwamba hamkuulizwa, na mkiulizwa mnaweza kusema ndiyo.

Lile kundi la watu watano, lifunge. Hapa sikubembelezi. Kuandika kwamba mzee amekatiwa kitu, bila ushahidi, pembeni, ni dhambi katika dini yangu na ni maneno mabaya katika dini yako. Ninyi watano mnafanya kile kile mnachomlalamikia, mnaamua mambo ya watu 31 mkiwa wachache, mlango umefungwa. Yanayofaa kusemwa humo yasemwe mbele ya wote. Yasiyofaa yafutwe.

Kwa Mwalimu nenda na mtu mmoja wa wale sita wa mwanzo, mtu ambaye hajagombana na yeyote. Nenda jioni ya katikati ya wiki, Jumapili iache. Usimpigie simu, usimwandikie WhatsApp. Buddha alitaja mambo matano ya kuangalia kabla ya kumwonya mwenzako: wakati uwe unaofaa, maneno yawe ya kweli, yasemwe kwa upole, yawe na faida, na yatoke kwenye moyo wa upendo. Anza na zile jioni alizokaa nawe barazani. Mwambie hukusahau. Halafu mwambie, "Mwalimu, tulinyamaza kwa sababu ya kengele. Tunaomba tuulizwe." Usiongeze mfadhili wala mpwa siku hiyo. Akikasirika, mwache akasirike, nyamaza naye kama alivyonyamaza nawe. Kama anapenda kurejea maandiko, mkumbushe kwamba mwisho wa mafungo ya miezi mitatu ya mvua watawa huombana kuambiana makosa, na kwamba Buddha mwenyewe siku moja ya aina hiyo aliwauliza watawa 500 waliokuwa mbele yake kama wana lolote la kumlaumu, kwa tendo au kwa neno. Buddha aliuliza. Mwalimu hatapungukiwa akiuliza.

Mkutano wenyewe uwe na tarehe inayojulikana angalau wiki mbili kabla. Auongoze mtu asiye Mwalimu, asiye mpwa wake, asiye wewe. Barua ya mfadhili isomwe yote kwa sauti, na kama ni ya lugha ya kigeni, itafsiriwe sentensi kwa sentensi na mtu wa tatu. Bei ya mnunuzi itajwe. Nauli ya Tukuyu itajwe, kwenda na kurudi, kwa mwezi mzima. Ulizeni Nsalaga patakuwa na nini baada ya kuuzwa, na wasioweza kusafiri watakusanyika wapi. Kisha hoja itamkwe mara tatu, na kati ya mara moja na nyingine watu wapewe muda wa kusema. Kengele iwekwe kabatini siku hiyo.

Mkishindwa kuelewana kwa mazungumzo, watawa wa zamani walikuwa na vijiti vya rangi mbili: mgawaji anakwambia hiki ni cha maoni haya, hiki cha maoni yale, chukua unachotaka, usimwonyeshe mtu. Sisi tuna maharage. Punje nyeupe na punje nyekundu, chungu kimoja chenye mdomo mwembamba, kila mtu anapita akiwa ameficha kiganja. Bibi wa Ilemi apelekewe chungu nyumbani na watu wawili wa pande tofauti kabla ya hesabu, au aletwe kwa bajaji kama mguu unaruhusu. Umweleze jambo lote kwa lugha anayoielewa vizuri, hata kama ni Kisafwa au Kinyakyusa, na umpe muda.

Wakikubali kwa wingi na kwa haki, saini yako utaiweka, hata kama moyo wako ulikuwa Nsalaga. Hapo ndipo lile neno "achilia" litakuwa lako.

Niandikie ukishaiona karatasi ya mauziano. Nitajie jina lililoandikwa sehemu ya mnunuzi, na mashahidi ni akina nani.